MARADHI YA PILI YAINGIAYO KIFUANI
(Mazungumzo yaliyosomwa barazani, Bariadi)



Twataka kuzungumza habari za kichomi kinachofuata homa ya mafua. Watu wengi hudhani ya kuwa mgonjwa huuawa na ugonjwa ule ule uliomlaza siku ya kwanza. Mara nyingi sivyo.

Kila mfugaji wa Ntuzu ajua ya kuwa dume likivunja ua wa minyaa mchana, fisi hupita usiku. Asubuhi watu humlaani fisi, wala hawaulizi ni nani aliyefungua njia. Ndani ya njia za pumzi mna vinyweleo vidogo mno vinavyofagia uchafu na kuutoa nje. Virusi vya mafua, na vya surua pia, huuharibu ufagio huo; ndipo vijidudu vingine viitwavyo bakteria, ambavyo pengine vilikaa puani na kooni bila ya kudhuru, hushuka mapafuni na kuzaana humo. Basi mtu mmoja huwa na maradhi mawili.

Katika mwaka 1918, vita kuu ilipokuwa yaisha, homa ya mafua iliingia Afrika ya Mashariki kwa merikebu, ikafuata gari la moshi na njia za wapagazi hata bara. Walikufa wengi, na miongoni mwao vijana wenye nguvu za kulima. Waganga wa wakati ule walidanganyika. Daktari Richard Pfeiffer wa Ujerumani alikuwa amedhani mwaka 1892 ya kuwa bakteria aliowaona ndio waletao mafua, kumbe hao ni fisi, si dume. Virusi vyenyewe vya mafua ya binadamu havikupatikana mpaka mwaka 1933, huko London.

Tena mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za vipande vya mapafu ya watu 58 waliokufa katika maradhi yale, vilivyokuwa vimehifadhiwa. Karibu vyote vilionyesha kichomi cha bakteria. Na wengi wa wakati ule hawakufa siku ya pili wala ya tatu, bali baada ya siku 7 hadi 10.

Hesabu hiyo yatufaa sana. Mgonjwa akipata nafuu, akaketi mlangoni kuota jua, kisha baada ya siku chache homa ikarudi kwa nguvu na kifua kikamchoma, msingoje. Siku za kuchuma pamba jamaa husema, "Amekwisha kupona, huu ni uchovu tu," na hapo ndipo mtu apoteapo. Mtoto hawezi kueleza. Mhesabieni pumzi akiwa ametulia (saa ya Mwalimu itafaa). Pumzi 50 au zaidi kwa dakika moja kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa aliyetimiza mwaka hata miaka 5, au kifua kikibonyea ndani avutapo pumzi, apelekwe hospitali siku ile ile.

Lakini tusikimbilie dukani kununua vidonge kwa kila mafua. Dawa za bakteria haziui virusi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2024 ya kuwa katika wagonjwa 100 waliolazwa kwa UVIKO-19, kama 8 tu walikuwa na maradhi ya bakteria pia, nao kama 75 walipewa dawa hizo. Hivyo vijidudu huizoea dawa, na siku ya haja haifanyi kazi. Mganga ndiye apimaye. Wako pia wanaopatwa na maradhi ya pili humo humo hospitalini, hasa wale wanaopumua kwa mashine. Kwa hiyo wauguzaji wanawe mikono, wala wasione kuwa wanasumbuliwa.

Na kikohozi kikipita wiki 2, makohozi yapimwe, maana huenda ni kifua kikuu.

Tangu mwaka 2013 watoto wachanga wa Tanzania huchanjwa chanjo ya nimokoko, mmoja wa mafisi tuliowataja, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Twawaomba Watemi waulize katika kila kijiji ni watoto gani waliokosa ile ya tatu.