Tangazo Linalojirudia: Namna ya Kulifanya Lieleweke Mwaloni



Serikali ilipofunga shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, 2024, habari hiyo haikuwa ya kubandikwa ukutani pekee. Mvuvi wa dagaa huondoka jioni na taa zake, hurejea alfajiri, na ubao wa matangazo huupita gizani. Mchuuzi naye macho yake yapo kwenye ndoo na mizani. Kwa watu hao sauti ndiyo barua. Na mwaka 2015, kipindupindu kilipozuka miongoni mwa wakimbizi wa Burundi waliokusanyika Kagunga, ilidhihirika jinsi maradhi ya maji yanavyoenea upesi ufukweni. Katika hali kama hiyo agizo la kuchemsha maji likipotea ndani ya mikwaruzo ya kipaza sauti, hasara yake huhesabiwa kwa watu.

Siku hizi mtangazaji halazimiki kukauka koo. Hurekodi maneno mara moja, akayatia katika programu ya kurudia sauti kwenye simu au kompyuta, na programu ikayazungusha kutwa nzima. Tatizo ni kwamba wengi hubonyeza kitufe cha kuanza na kuondoka, ilhali ndani ya programu hizo mna vidhibiti vinavyoamua iwapo tangazo litaeleweka au litakuwa kelele tu.

Cha kwanza ni kipimo cha sampuli, yaani idadi ya mara ambazo sauti hupimwa kwa sekunde. Santuri za CD hutumia 44,100. Kwa kwaya au taarabu kiwango hicho ni haki yake. Kwa maneno ya mtu mmoja yanayotoka katika kipaza sauti cha mdomo mpana, 22,050 yanatosha, maana kipaza sauti chenyewe hakiwezi kutoa sauti nyembamba zaidi ya hapo kwa ufasaha. Dakika moja isiyobanwa, ya njia mbili, kwa 44,100 na biti 16, huchukua takriban megabaiti 10.6; ikiwekwa njia moja na 22,050 hushuka hadi takriban 2.6. Simu ya bei nafuu hupumua, na betri hudumu.

Cha pili ni bafa, akiba ndogo ya sauti ambayo programu huiandaa kabla ya kuipeleka kwenye spika. Mpiga kinanda huitaka iwe ndogo, sampuli 256 au 512, ili sauti itoke papo hapo anapogusa kitufe. Tangazo halina haraka hiyo. Likiwekewa sampuli 4,096, ucheleweshaji ni chini ya sehemu moja ya tano ya sekunde, jambo ambalo hakuna atakayeligundua, na sauti haitakatikakatika simu inapoelemewa na kazi nyingine. Ajabu ni kwamba wengi huacha bafa ndogo kwa kudhani ndiyo bora, kisha hulaumu spika.

Pale mzunguko unapounganika, mwisho na mwanzo, pana hila yake. Faili za MP3 kwa kawaida huongezewa kimya kidogo mbele na nyuma, hivyo muziki unaojirudia huchechemea. WAV haina kasoro hiyo. Mlio wa "ta" unaosikika kila mzunguko hutokana na wimbi la sauti kukatwa katikati, na huondoka kwa kufifisha milisekunde chache pande zote mbili. Kwa maneno matupu, hata hivyo, kimya si adui. Mapumziko ya dakika kadhaa humpa msikilizaji nafasi ya kumuuliza mwenzake alichokisikia. Tangazo lisilopumua huacha kusikilizwa kabla ya saa moja kwisha.

Wapo wanaoharakisha sauti ili maneno mengi yaingie katika dakika moja. Programu huweza kubadili kasi bila kubadili unene wa sauti, lakini kazi hiyo huielemea simu, na ubora wake ukipunguzwa maneno huwa kama yanatoka ndani ya debe. Heri kupunguza maneno.

Ukubwa wa sauti ndio chanzo kikuu cha malalamiko. Kidhibiti kikipandishwa hadi mwisho, vilele vya sauti hukatwa, na konsonanti, ambazo ndizo hubeba maana, huzama. Kuongeza kipaza sauti cha pili nako kuna gharama yake: sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo vipaza viwili vilivyo mita 170 mbali humfanya aliye karibu na kimoja asikie neno lilelile tena nusu sekunde baadaye. Vielekezwe pande tofauti, kimoja ziwani na kingine sokoni.

Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinaruhusu kelele kidogo zaidi usiku kuliko mchana. Lakini mwaloni usiku wa wengi ni asubuhi: aliyekesha ziwani hulala jua likipanda. Ni busara matangazo yasiyo ya dharura yangoje alasiri, kabla vyombo havijaondoka, na wasikilizaji wakiwa bado nchi kavu.

Kabla ya kuanza, simu iwekwe katika hali ya ndege, la sivyo mwito wa simu utalikata tangazo katikati. Na programu iondolewe katika orodha ya zile ambazo simu huzizima ili kuokoa betri. Tahadhari ya upepo mkali kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa itajwe pamoja na tarehe na saa ya kuisha kwake, na faili lake lifutwe muda huo ukipita, ili anayeandaa chombo asizuiwe leo na upepo wa juzi.