Bibi na Kijiwe Cheupe

Katika bonde la Kilombero mchele ni chakula, ni ada ya shule, ni bati la nyumba. Kwa hiyo mtu akila wali na jino likagonga jiwe, maneno hutoka. Mara nyingi maneno hayo humwangukia bibi aliyekaa barazani na ungo tangu asubuhi. "Bibi siku hizi hajali!" Juma hili nataka kumtetea bibi huyo.

Mtazameni vizuri. Chuya anaziona, maana ganda lake ni la kahawia na mchele ni mweupe. Kinachomshinda ni kijiwe cheupe katikati ya mchele mweupe. Mpelekeni hospitali akapimwe macho. Ataonyeshwa ubao wa herufi, au ile E inayogeuzwa huku na huku kwa wasiojua kusoma, naye pengine atazitaja hadi mistari ya chini. Basi ataambiwa macho ni mazima, na nyumbani lawama itazidi!

Ubao wa namna hiyo ulianza na Herman Snellen, daktari wa Uholanzi, mwaka 1862. Herufi zake ni nyeusi tititi juu ya weupe. Hupima udogo wa kitu ambacho jicho laweza kukitambua. Lakini liko jambo lingine, nalo ni kutenganisha vitu vinavyokaribiana rangi, kijivu na kijivu, kahawia na kahawia. Kwa ajili hiyo, mwaka 1988 Denis Pelli, John Robson na mwenzao walitoa ubao ambao herufi zote zina ukubwa mmoja, ila zinazidi kufifia hadi zinapotelea katika weupe.

Uwezo huo hupungua kwa umri hata kwa mtu asiye na ugonjwa wa macho. Mwaka 1983 Cynthia Owsley na wenzake walichapisha vipimo vya watu wa umri mbalimbali. Mistari mipana iliyofifia wazee waliiona karibu sawa na vijana. Mistari myembamba ndiyo iliyowapotea, na upungufu huo ulianza kati ya miaka 40 na 50. Sababu kubwa ni mwanga. Mboni husinyaa, na lenzi iliyo ndani ya jicho hugeuka manjano na kuutawanya mwanga. Inakadiriwa kwamba mtu wa miaka 60 hupata nyuma ya jicho kama theluthi moja tu ya mwanga aupatao kijana wa miaka 20.

Miwani husaidia herufi zisomeke, lakini haiondoi umanjano wa lenzi. Mtoto wa jicho ni habari nyingine. Huo hupunguza uwezo huu sana, na upasuaji huutibu, kwa hiyo kupima bado ni lazima. Kwa bibi, mtoeni barazani akae penye mwanga mzuri, mchele autandaze kidogo kidogo juu ya sinia jeusi. Hapo jiwe litajitokeza kwa umbo lake, maana halifanani na punje.

Mchele lakini ni jambo dogo. Mvuvi mzee akiwa mtoni Kilombero jua linapozama, mgongo wa kiboko ni kijivu juu ya maji ya kijivu, na kiboko hana taa. Wakati wa mafuriko maji ya tope hufunika njia ya udongo wa rangi ileile, na ukingo wa mfereji hauonekani. Kijana anayetembea na babu yake hapo huuona mfereji, akadhani na babu ameuona. Na pikipiki zinazopita Ifakara magharibi bila kuwasha taa, dereva akiamini kwamba yeye akiona basi ameonekana! Hao sijui niwaambie nini.

Nyumbani hatari ni ngazi ya saruji, kidato kijivu juu ya kidato kijivu. Pakeni chokaa ukingoni mwa kila kidato, mstari mnene wa vidole vitatu, na mrudie kila mvua zinapoisha.