Vipande Vinne vya RAM katika Ubao Mmoja: Kabla ya Kununua na Kabla ya Kulalamika



Natuchukue mfano wa mwenye duka la uchapaji. Kompyuta yake ya mezani ina vipande viwili vya RAM. Kazi zimeongezeka na mashine imekuwa nzito, hivyo ananunua viwili vingine vya jina lile lile na kujaza nafasi zote nne za ubao mama. Siku ya pili kompyuta inajizima na kujiwasha yenyewe, skrini inageuka buluu, na faili la mteja halifunguki. Anarudi dukani kwa hasira. Muuzaji anapima kimoja kimoja, na vyote ni vizima. Nani mkweli? Mara nyingi wote wawili ni wakweli.

Ndani ya prosesa mna kidhibiti kinachowasiliana na RAM kupitia njia mbili. Katika ubao wa kawaida wenye nafasi nne, kila njia ina nafasi mbili. Vipande viwili vikipangwa vyema, kila kimoja hupata njia yake. Vikiwa vinne, kila njia hubeba mzigo maradufu, na ishara za umeme huwa ngumu kusomeka kwa usahihi katika kasi kubwa. Watengenezaji hawalifichi jambo hili. Kampuni ya AMD, kwa prosesa zake za Ryzen 7000 zilizotoka mwaka 2022, ilitaja kasi ya DDR5-5200 kwa vipande viwili, lakini DDR5-3600 kwa vinne. Kasi kubwa inayoandikwa kwenye kasha aghalabu hupatikana kwa kuwasha mpangilio uitwao XMP au EXPO, nao huvuka kiwango hicho. Aidha, vipande vya jina moja vilivyonunuliwa nyakati mbili huweza kuwa na chipu tofauti ndani yake.

Basi, yakikukuta, fuata utaratibu huu.

Kwanza, okoa kazi zako. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha ondoa vile vipande vipya. Mashine ikitulia, nakili faili muhimu kwenye diski ya nje. Usinakili kabla ya hapo, kwa kuwa RAM inayoyumba huweza kuharibu hata nakala unayoitengeneza.

Pili, ukiwa bado na vipande viwili, angalia kama mtengenezaji wa ubao mama ametoa toleo jipya la BIOS. Lisakinishe pale tu unapokuwa na uhakika wa umeme, kwani umeme ukikatika katikati, ubao unaweza usiwake tena.

Tatu, rudisha vyote vinne, ingia BIOS na uzime XMP au EXPO. Kwa RAM ya DDR5, skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa mara ya kwanza, subiri. Kisha pima kwa programu ya Memtest86+, ambayo ni ya bure na huendeshwa kutoka kwenye flashi. Iache imalize mizunguko kadhaa, hata usiku kucha. Kosa moja tu latosha kuonyesha kwamba hali si salama.

Nne, makosa yakiendelea, pima kila kipande peke yake katika nafasi moja ile ile, iliyotajwa na kitabu cha ubao. Kipande kinachokosea kila kinapowekwa ni kibovu, kirudishe dukani. Vyote vikikosea katika nafasi moja na kupona katika nyingine, shuku ubao au prosesa. Vyote vikifaulu kimoja kimoja lakini vikashindwa vikiwa vinne, tatizo ni ule mzigo wa pamoja. Hapo punguza kasi hatua kwa hatua katika BIOS hadi makosa yaishe, au baki na vipande viwili vyenye ujazo mkubwa zaidi. Usikubali fundi apandishe volti kwa kubahatisha.

Ndugu walaji, hasara hii huzuilika kabla ya fedha kutoka mfukoni. Ukihitaji ujazo mkubwa, nunua seti moja ya vipande viwili badala ya kurundika vinne. Ukilazimika kununua vinne, vichukue katika seti iliyouzwa pamoja, iliyomo katika orodha ya mtengenezaji wa ubao wako. Mweleze muuzaji aina ya ubao, prosesa, na kwamba unataka vyote vinne vifanye kazi kwa pamoja. Kisha mwombe ayaandike hayo kwenye risiti. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania humlinda mnunuzi aliyemjulisha muuzaji matumizi aliyokusudia na kutegemea ujuzi wake. Aliyenyamaza hubaki na hoja dhaifu.

Na ukienda kulalamika, nenda na risiti, picha ya skrini ya kipimo, na maelezo mafupi ya kipande gani kilipimwa katika nafasi gani. Muuzaji mwaminifu atakushukuru kwa kumrahisishia kazi. Asiye mwaminifu hatapata pa kujificha.