Askari na Mtaa Wake



Twaambiwa tushirikiane na askari katika mpango uitwao Polisi Jamii. Hatuukatai, mwizi wa karafuu hamuulizi mtu kadi ya chama. Lakini hatujasahau 27 Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji, Unguja na Pemba, na ndugu zetu wapatao 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Aliyemkimbia askari hawezi kumnong'oneza siri kwa siku moja.

Basi askari na akae mtaani hata ajulikane kwa jina, na siri ya mtoa habari isifike barazani. Na walinzi wa mtaa wachaguliwe na wakaazi, si na sheha, ambaye yeye mwenyewe, kama mjuavyo, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Hayo yakikubaliwa, vijana wetu tutawatoa usiku huohuo.