Michoro ya Vitu Vidogo

Jioni hii twataka kunena juu ya vitu vidogo, kwa maana kikubwa hujisemea chenyewe.

Katika karne ya 18, mabwana wa Ufaransa walinusa ugoro, na kila mmoja alitamani tabakero ya dhahabu au ya fedha. Fundi mmoja mashuhuri alikuwa Juste-Aurèle Meissonnier, aliyezaliwa Turin mwaka wa 1695, naye mwaka wa 1726 akafanywa mchoraji wa Mfalme Louis XV. Alichora kwanza katika karatasi: makombe ya pwani, majani, na mistari ipindayo kama mawimbi. Mtindo huo waitwa Rokoko. Lakini fedha ni mali, na mali huliwa. Mwaka wa 1759 mfalme huyo, akiwa vitani, alihimiza vyombo vya fedha viyeyushwe viwe sarafu. Vyombo vingi vya Meissonnier vimepotea. Michoro yake, iliyochongwa katika mabamba ya shaba na kupigwa chapa, ipo hata leo.

Basi turudi nyumbani. Huku Msimbu, katika nchi ya Wazaramo, bibi mmoja alituonyesha mwana hiti aliyepewa alipokuwa mwali. Ni wa kuenea kiganjani: kiwiliwili cha mviringo kisicho mikono wala miguu, na kichwa chenye nywele zilizogawanyika vishungi viwili. Sura hiyo hiyo Wazaramo waliichonga juu ya fimbo na juu ya vizibo vya vibuyu vya dawa.

Sisi tuliosomeshwa misheni twaungama: kwa miaka mingi tulivipita vitu hivi bila kuvitazama, tukawafundisha wanafunzi kuchora chungwa na birika. Tulipomwomba bibi ruhusa ya kuchora, alicheka, akamgeuza mwana wake. Mchwa walikwisha kumla ubavu mmoja. Akasema, “Mchoreni upesi, wanangu. Mimi naye tu safarini pamoja.”

Tukachora, nasi tuliona haya kwa kuchelewa.

Enyi walimu wenzetu, yafaa kila mmoja afanye vivyo katika kijiji chake. Ombeni kwanza idhini ya mwenyewe, kwa kuwa mambo ya mwali yana heshima yake, na siri zake si za kuandikwa. Kisha chora umbo, pima urefu, uliza ni mti gani na nani aliyeuchonga. Fundi wa Ufaransa aliachiwa mabamba ya shaba. Sisi tunayo madaftari na kalamu za risasi, navyo vyatosha. Mchwa hawangoji.

Kwaherini.