Kijiko cha Kwanza: Hotuba Juu ya Chakula cha Mtoto Mchanga



Jambo lililowekwa mbele ya hadhara hii ni dogo kwa kutajwa, bali ni kubwa kwa matokeo yake. Nalo ni kijiko cha kwanza anachotiwa mtoto kinywani baada ya maziwa ya mama yake, na vijiko vinavyofuata mpaka atimize mwaka.

Hapana shaka wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya jikoni, na kwamba mwanamume hana neno ndani yake. Lakini Kurani Tukufu haikuyaweka huko. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, imetajwa miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa mwenye kutaka kuitimiza. Kisha chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha yakawekwa juu ya baba kwa wema. Kisha kuachisha ziwa kabla ya muda huo kukafanywa jambo la kuridhiana na kushauriana baina ya wazazi wawili. Basi baba asiyejua mwanawe anakula nini mchana ameliacha shauri ambalo na yeye aliitwa kulitoa.

Yatazamwe yanayotokea katika nyumba nyingi za Buyenzi, na Bwiza, na Kamenge. Mtoto huzaliwa salama, hunyonya, hunenepa, na akifika miezi mitano kila jirani hutaka kumpakata. Mtoto huyo huyo akikaribia mwaka, mashavu yamepungua, nywele zimekuwa nyepesi, halii kwa nguvu wala hachezi. Watu husema ni meno. Wengine husema ni kijicho. Na bibi mmoja hukohoa kidogo, akawatazama wazazi, akasema kwamba mtoto amebemendwa.

Ni mara chache mtu kuuliza mtoto huyo amekula nini tangu asubuhi.

Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Burundi mwaka 2016 na 2017, watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walionekana kuwa wafupi kupita kiasi kwa umri wao. Ufupi huu si wa ukoo. Ni alama ya chakula kisichotosha na maradhi ya mara kwa mara, nao hujengeka khasa tangu mimba mpaka mtoto atimize miaka miwili. Mtoto aliyepungukiwa wakati huo hupungukiwa pia katika akili ya kujifunza, na baadaye ni vigumu sana kumrudishia alichokikosa.

Neno la kubemenda linastahili kuangaliwa kwa adabu, maana wazee waliolitumia hawakuwa vipofu. Waliona kwamba mama akishika mimba ilhali ana mtoto mchanga, yule mchanga hudhoofu. Hayo ni kweli, na hawakuyaona Waswahili peke yao. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alipokuwa akitibu watoto katika nchi ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliwakuta watoto waliovimba miguu, ngozi imebambuka, nywele zimegeuka rangi. Akina mama wa kabila la Wagaa walikuwa na jina la maradhi hayo, kwashiorkor, yaani maradhi yanayomshika mtoto wa kwanza anapozaliwa wa pili. Mwaka 1935 alilitia jina hilo katika jarida la waganga la Lancet, na hata leo waganga wa dunia nzima hulitumia. Basi wazee wa pwani na akina mama wa Kigaa waliona jambo moja. Waliona sawa, lakini sababu ilikuwa nyingine. Mtoto hakudhuriwa na wazazi kukutana, wala maziwa hayakuharibika kwa mimba. Mtoto aliachishwa ziwa kwa ghafula, na mahali pa maziwa pakawekwa uji wa unga mtupu.

Na Waislamu wana dalili nyingine katika jambo hili. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliazimia kukataza mume kumwingilia mke anayenyonyesha, kisha akawaangalia Warumi na Wafursi, akaona kwamba wao hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, hakukataza. Mama mwenye afya aliyeshika mimba aweza kuendelea kunyonyesha, bora apate chakula cha kumtosha, na ikiwa ana shaka amwone mkunga. Aibu ya kubemenda imewafanya akina mama wengine kufungia mtoto ndani asionekane, badala ya kumpeleka kupimwa uzito. Aibu hiyo na iondolewe.

Sasa, chakula kianze lini? Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2001 limeshauri kwamba mtoto anyonye tu, bila hata maji, mpaka atimize miezi sita, kisha aongezewe chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Kabla ya hapo hana haja ya kitu kingine. Hata katika joto la Bujumbura, maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Uji wa mwezi wa tatu, ambao hupewa mtoto kwa kuwa analia sana usiku, humjaza tumbo asinyonye, na mara nyingi humletea kuhara.

Hapa patatokea swali la tahniki. Ni kweli kwamba Asma binti Abubakar alimleta mwanawe Abdullah bin Zubeir kwa Mtume, naye akamgusisha ufizi kwa tende aliyoitafuna. Watu wanaopenda kuifuata sunna hiyo hawana haja ya kuiacha. Lakini ni mguso mmoja wa tende laini siku ya kuzaliwa, tena kwa mkono safi na mtu asiye na maradhi. Si ruhusa ya kumlisha mtoto vitu vingine tangu wiki ya kwanza. Na wale waliobadilisha tende kwa asali wajue kwamba asali haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata ndani ya uji. Asali ni dawa kwa mkubwa. Katika utumbo wa mchanga, vijidudu vinavyoweza kufichama ndani yake huamka na kutoa sumu ya kulegeza viungo, na sumu hiyo huweza kuua.

Miezi sita ikitimia, kuchelewa nako ni kosa. Madini ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo katika ini lake yanakaribia kwisha, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Maziwa hayo bado yatampa nusu ya nguvu zake au zaidi mpaka mwaka, lakini nusu nyingine hayawezi.

Kosa kubwa la mji huu ni uji mwepesi. Tumbo la mtoto wa kilo nane halichukui zaidi ya kikombe kimoja cha chai kwa mara moja. Ukilijaza uji unaotiririka kama maji, umelijaza maji. Atashiba, atalala, na atakonda. Uji wa mtoto uwe mzito kiasi cha kukaa juu ya kijiko kilichoinamishwa bila kumwagika. Akina mama husema uji mzito humkaba mtoto, na hofu yao haina ubaya, lakini dawa yake si kuongeza maji. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Tanzania waliueneza unga wa kimea, ambao bibi zao waliujua zamani kwa ajili ya pombe. Kwa hakika hii ni kazi bora kwake kuliko ile. Ulezi hulowekwa, huoteshwa kwa siku mbili tatu, hukaushwa juani, vichipukizi vikasuguliwa na kutupwa, kisha ukasagwa. Kijiko kimoja kikitiwa katika uji mzito uliopoa kidogo, uji hulainika mbele ya macho, na nguvu yake yote imo. Kisha urudishwe motoni uchemke. Mwenye kuotesha mtama asisahau kutupa vichipukizi, maana vina sumu.

Hata hivyo, uji peke yake, uwe mzito namna gani, ni nguzo moja ya nyumba. Katika hospitali ya Mulago, huko Kampala, kilianzishwa mwaka 1965 kituo kinachoitwa Mwanamugimu. Watoto wenye kwashiorkor walilazwa pamoja na mama zao, na dawa kuu ilikuwa chungu. Mama alifundishwa kupika kwa mkono wake chakula cha mchanganyiko ambacho Waganda hukiita kitobero: ndizi au viazi, pamoja na maharage au karanga, pamoja na samaki au yai au maziwa, pamoja na mboga za majani, vyote vikipondwa pamoja. Mama aliona mwanawe akipona kwa vitu vilivyokuwa sokoni siku zote, akarudi kwao na ujuzi huo.

Na soko la Bujumbura lina nini? Lina ndagala, ambazo kwengine huitwa dagaa. Samaki hawa huliwa na mifupa yao. Zikikaangwa kavu bila mafuta, zikatwangwa na kuchekechwa, unga wake kijiko kimoja katika chakula cha mtoto ni nyama tosha kwa mlo mmoja. Kiganja kimoja cha ndagala humtosha siku kadhaa. Zichaguliwe zilizoanikwa juu ya vichanja. Zile za mchangani zioshwe mara nyingi. Lina mafuta ya mawese kutoka Rumonge, na wekundu wake ndio asili ya vitamini A iliyo nzuri kwa macho na kinga ya mwili. Mpishi anayeyachemsha mpaka yawe meupe ameimwaga faida hiyo. Kijiko kidogo cha mawese, kikitiwa mwishoni, kinatosha. Lina maharage, ambayo kwa mtoto hulowekwa usiku, hupikwa mpaka yavunjike, na kuchujwa maganda. Lina lengalenga, lina viazi vitamu vya manjano, lina avokado isiyohitaji hata moto. Sombe ni mboga njema kwa mtoto aliyekwisha zoea, illa itwangwe na kuchemshwa muda mrefu, kwa ajili ya sumu ya muhogo. Sosoma nayo, yaani unga wa mtama, soya na mahindi, ni bora kuliko unga mtupu, lakini haiondoi haja ya samaki na mboga.

Kisichofaa ni chai. Kikombe cha chai ya rangi na kipande cha andazi ndicho chakula cha asubuhi cha watoto wengi wa miezi tisa. Chai huzuia mwili kukichukua chuma kilichomo katika chakula, na andazi ni unga, sukari na mafuta. Mtoto hana haja ya sukari wala chumvi ya kuongezwa.

Kwa kipimo: siku za mwanzo vijiko viwili vitatu, mara mbili kwa siku, chakula kikiwa kimepondwa sana. Kufika miezi minane, nusu kikombe, mara mbili au tatu. Kuanzia miezi tisa, mara tatu au nne, chakula kikiwa na vipande laini avishike kwa vidole, na akifika mwaka ale wanachokula wakubwa. Karanga nzima asipewe, zipondwe. Mikono ya mlishaji na ya mtoto ioshwe kwa sabuni, maji yachemshwe, na chakula kilicholala bila kupashwa moto sawasawa kitupwe. Akiugua, asinyimwe chakula. Apewe kidogo kidogo na mara nyingi, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku mpaka uzito urudi.

Mwezi wa Ramadhani una hatari yake ndogo isiyosemwa. Jiko huwa limezimwa mchana kutwa, wakubwa wamefunga, na mtoto wa miezi minane hubaki na uji wa alfajiri uliopoa mpaka futari. Hakuna saumu juu ya mtoto. Chungu chake kidogo kipikwe adhuhuri, na mama anayenyonyesha akiichelea nafsi yake au mtoto, sheria imempa ruhusa ya kufungua.

Limebaki jambo la sinia. Kula pamoja katika sinia moja ni desturi njema yenye baraka, lakini mtoto wa mwaka mmoja aliyekaa baina ya kaka zake wanne hupata alichoacha mkono mwepesi kuliko wake. Mama hutazama sinia likiwa tupu, akadhani wote wameshiba. Basi mtoto huyo apakuliwe kwanza, katika bakuli lake mwenyewe, na mtu mmoja akae karibu naye, awe mama, bibi, dada au baba, amlishe bila kumshurutisha mpaka bakuli lionekane chini yake.