Dawa Ipo Bure, Nauli Tuchange

Maneno ya Kamati ya Afya na Ustawi wa Jamii katika hafla ya kuchangia mfuko wa mwaka



Kamati yetu imepewa nafasi kuzungumzia jambo ambalo kwa kawaida tunalizungumza kikao kikishafungwa, mlangoni, kwa sauti ya chini. Ni matibabu ya watoto wetu na ndugu zetu walionaswa na unga na pombe: yanapatikana wapi, yanagharimu nini, na mfuko wetu ulipie nini.

Tukiitaja Magomeni mbele ya wageni, tunataja nyumba ya Mwalimu Nyerere pale Usalama. Tunataja magorofa ya Kota yaliyozinduliwa Machi 2022, ambako kaya 644 za wakazi wa zamani zilirudi nyumbani. Ni haki yetu kujivunia. Lakini wale vijana wanaolala vibarazani Mapipa na Mikumi nao ni wa Magomeni. Wana majina, wana mama, na baadhi yao walikaa dawati moja na sisi. Ndiyo maana katika maneno haya hamtasikia neno "teja". Tutasema mgonjwa, kwa sababu ndivyo alivyo.

Unga haukuingia jana. Heroini ilianza kuonekana katika miji yetu ya pwani miaka ya 1980, watu wakiivuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja ile nyeupe inayoyeyuka kwenye maji, na sindano zikaenea, na pamoja na sindano vikaja Virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Pombe yenyewe ni ya zamani zaidi, na kwa kuwa inauzwa hadharani tunachelewa kuiona kama ugonjwa.

Familia zinazotufuata huja na swali la aina moja: "Kuna mahali wanampokea, wanataka pesa ya miezi kadhaa mkupuo. Tuuze kiwanja?" Tunawaomba wakae kwanza. Kabla ya kuuza chochote kuna mambo manne ya kujua.

Jambo la kwanza, mjue mgonjwa wenu anatumia nini. Hili ndilo linaloamua aende wapi. Dawa ya mtu wa heroini haimsaidii mtu wa pombe, wala wa bangi, wala wa mirungi. Na wengi huchanganya. Msikae kumlaumu siku hiyo. Mwulizeni kwa upole anatumia nini, kiasi gani, kwa njia gani, na tangu lini. Majibu hayo ndiyo yatakayoulizwa na daktari.

Jambo la pili linawahusu wa heroini. Dawa ipo, inaitwa methadoni, na katika kliniki za serikali inatolewa bure. Kliniki ya kwanza ilifunguliwa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Februari 2011, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kufanya hivyo. Mwaka 2012 ikafunguliwa Mwananyamala, ambayo kwetu ni jirani. Mwaka 2014 ikafuata Temeke, ambako wenzetu waliohamia Mbagala watafika kwa urahisi zaidi. Baadaye huduma ikafika Mbeya, Mwanza, Dodoma na kwingineko.

Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu. Inakaa mwilini zaidi ya saa ishirini na nne, inaondoa arosto, na ikifikia kiwango kinachomfaa mgonjwa haimleweshi. Asiye na arosto haamki alfajiri kutafuta simu ya kuiba. Anaweza kula, kulala, kufanya kazi na kulea. Tunajua wapo wazee wanaosema huko ni kubadilisha unga kwa unga. Ni kweli dawa hiyo iko katika jamii moja na heroini, na ndiyo maana inafanya kazi. Lakini inapimwa, inatoka kwa daktari, haichomwi kwa sindano, na haimwachi mtu akiteseka kila baada ya saa chache. Wapo wanaoitumia kwa miaka, kama anayetumia dawa ya presha. Wapo wanaopunguziwa kidogo kidogo hadi wanaacha. Uamuzi huo ni wa daktari na mgonjwa. Jirani hana sauti hapo.

Kuingia si vigumu, ila kuna utaratibu. Kuna wahudumu wa jamii wanaofika vijiweni, hao huwaandaa na kuwasindikiza wagonjwa hadi kliniki. Kliniki humpima mkojo, humwuliza historia yake, na humchunguza kifua kikuu, homa ya ini na Virusi vya UKIMWI. Ndugu wa karibu anayekubali kusimama naye ni msaada mkubwa. Angalizo moja: anayekunywa methadoni akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi anaweza kuacha kupumua. Familia ilijue hilo tangu siku ya kwanza.

Jambo la tatu linawahusu wa pombe, na hapa tunaomba mtusikilize sana. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka msimfungie chumbani ili aache. Mwili uliozoea pombe ukikatishwa ghafla unaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kupata degedege, na hata kufa. Arosto ya unga inatesa mno, lakini mara nyingi haiui; ya pombe inaweza kuua. Mgonjwa wa aina hii apelekwe hospitali kwanza, hospitali ya rufaa ya mkoa kama Mwananyamala, Amana au Temeke, au idara ya magonjwa ya akili Muhimbili. Kuna dawa za kumvusha katika siku hizo za mwanzo. Huko yatakuwepo malipo ya vipimo, kitanda na dawa, na hayo mfuko unaweza kuyasaidia. Akishatulia ndipo kazi ya kukaa bila pombe inaanza. Vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha, vinavyofuata njia ya Alcoholics Anonymous iliyoanza Marekani mwaka 1935, na ndugu zao wa Narcotics Anonymous, havitozi ada.

Jambo la nne ni nyumba za upataji nafuu, ambazo mtaani tunaziita soba hausi. Mgonjwa huishi humo kwa miezi kadhaa, mbali na kijiwe, kwa ratiba, mazungumzo na kazi. Nyingi zinaendeshwa na watu waliopita njia hiyo wenyewe. Zanzibar walitangulia katika hili, na Bara zimeongezeka. Nyumba hizi hutoza ada ya mwezi, na hapo ndipo viwanja vinapouzwa.

Nyumba nzuri zipo na zimerudisha watu. Lakini kabla ya kulipa, nendeni mkaone kwa macho yenu. Ulizeni kama nyumba imesajiliwa. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ndiyo inayozisimamia, na namba yao ya bure ni 119. Ulizeni mgonjwa akizidiwa usiku anapelekwa hospitali gani. Ulizeni kama ndugu wanaruhusiwa kumwona. Mkikuta watu wamefungwa minyororo au wanachapwa, ondokeni na pesa yenu. Familia moja ya kwetu ililipa miezi mitatu mbele, kijana akatoroka wiki ya pili, na hawakurudishiwa hata shilingi. Lipeni mwezi kwa mwezi, na mchukue risiti.

Jingine ni hili: mtu wa heroini aliyekaa miezi bila kutumia, awe ametoka soba hausi au jela, mwili wake umesahau kile kiwango cha zamani. Akirudia kipimo kilekile siku ya kwanza, anaweza kufa papo hapo. Kwa hiyo siku ya kutoka isiwe ya kumwacha peke yake kituo cha daladala na begi lake. Awepo mtu wa kumpokea, na iwepo sehemu ya kulala isiyo jirani na kijiwe. Na akikutwa amelala hashtuki na hapumui vizuri, apelekwe hospitali hapohapo, maswali baadaye.

Hatumkatazi mtu dua, maombi wala ushauri wa wazee. Vyote vina nafasi yake. Tunachoomba ni kwamba visichukue nafasi ya kliniki.

Sasa tuje kwenye mfuko. Kama dawa ni bure, kwa nini tunawaomba pesa?

Kwa sababu kliniki ni ya kila siku. Kila siku maana yake Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Chukueni nauli ya shilingi 600 kwenda na 600 kurudi. Hiyo ni 1,200 kwa siku, 36,000 kwa mwezi wa siku thelathini, na 438,000 kwa mwaka. Kwa mtu mwenye mshahara si mlima. Kwa mtu ambaye hana kazi, ambaye nyumbani hawamwachii hata kikombe kwa kuogopa atakiuza, ni mlima. Siku ya kwanza atatembea kwa miguu. Siku ya mvua hatakwenda. Siku mbili bila dawa arosto inarudi, na njia ya kijiweni haina nauli.

Hivyo ndivyo tunavyowapoteza. Dawa ya serikali ipo dirishani, imeshalipiwa, na mgonjwa wetu anakosa 1,200 ya kuifuata.

Kwa wanawake mzigo ni mara mbili. Wanaofika kliniki ni wachache sana ukilinganisha na wanaume, ingawa tunajua mitaani wapo. Anayelea mtoto hana wa kumwachia. Anayeonekana kwenye foleni ile hatukanwi yeye peke yake, anatukanwa na mama yake mzazi. Tunawaomba mama zetu wa vikundi vya kuweka na kukopa wawe mlango wa kwanza kwa mabinti hawa.

Kamati inapendekeza mfuko wa mwaka huu ulipie vitu vinne. Kwanza, nauli na kikombe cha uji kwa wagonjwa walio kwenye methadoni, kwa miezi sita ya mwanzo ambayo ni migumu zaidi. Pili, gharama za hospitali za siku za mwanzo kwa wagonjwa wa pombe. Tatu, mchango wa soba hausi kwa familia isiyojiweza, baada ya kamati kuitembelea nyumba hiyo, na malipo yaende kwa nyumba yenyewe mwezi kwa mwezi. Nne, ada ya ufundi VETA au mtaji mdogo kwa aliyetulia, kwa sababu mtu aliyepona akakosa shughuli atarudi walipo marafiki zake, na marafiki zake wako kijiweni.

Nauli itapitia kwa ndugu au jirani aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe. Majina ya wagonjwa yatajulikana na wajumbe wawili tu wa kamati. Katika mkutano mkuu mtasomewa hesabu: wangapi wamesaidiwa, kiasi gani kimetumika, wangapi wanaendelea. Majina hamtasomewa.

Tunajua wapo watakaouliza kwa nini pesa isiende kwenye mitaro na madawati. Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba sisi tayari tunawachangia wagonjwa hawa, ila tunachelewa. Akifa mmoja wao, ndani ya saa moja turubai limefungwa, viti vimeletwa, daftari linapita, na hakuna anayeuliza kama marehemu alistahili. Mtu anatoa elfu kumi, elfu ishirini, na anakaa hadi jioni. Pesa hiyohiyo, ikitolewa mapema, ni nauli ya wiki mbili.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wapo humu ndani wenye mgonjwa nyumbani na hawajamwambia mtu. Mwonaneni na mjumbe yeyote wa kamati baada ya kikao, au mtume ujumbe kupitia mweka hazina. Hamtaulizwa mlimleaje.

Na kwa kila mwanachama, ombi letu lina namba: 36,000 ni mgonjwa mmoja kwa mwezi mmoja. Anayeweza kubeba mwaka mzima, abebe. Anayeweza kubeba siku moja, 1,200 yake itapokelewa na kuandikiwa risiti. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, na mweka hazina amekaa karibu na mlango.